Mwaka Mpya: Tupange Nini Kwanza?



Mwaka umegeuka. Kila nyumba sasa yapiga hesabu zake: madaftari na sare za watoto, mbegu, deni la dukani, bati la kuezekea jiko. Kufikiri mambo hayo si dhambi. Asiyepanga huishia kuomba chumvi kwa jirani. Lakini tujiulize neno moja: katika hesabu hizo, Mungu tumemweka mstari wa ngapi?

Kanisa nalo hupanga mwaka wake. Ipo desturi ya zamani: katika sikukuu ya Epifania, yaani Tokeo la Bwana, baada ya kusomwa Injili, waamini hutangaziwa tarehe ya Pasaka ya mwaka ule. Kwa nini Pasaka? Kwa sababu sikukuu nyingine zaitegemea. Hesabu siku 46 kurudi nyuma, wapata Jumatano ya Majivu. Hesabu majuma 7 kwenda mbele, wapata Pentekoste. Ni kama kujenga msonge: kwanza husimikwa nguzo ya kati, ndipo makombamoyo yapate pa kuegemea.

Nyumbani kwetu mara nyingi twafanya kinyume. Twapanga yote, kisha twampa Mungu siku zitakazobaki. Na siku hazibaki.

Kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia, na huko jambo hili laonekana wazi. Mtoto akibatizwa huandikwa katika kitabu, na hapo hapo huachwa nafasi ya kuandika Kipaimara chake, na baadaye ndoa, au daraja takatifu, au nadhiri za utawa. Zipo nafasi zinazokaa tupu miaka mingi. Si kwamba wenyewe wameikana imani, la. Wanangoja. Wazazi wanangoja mbuzi wa sherehe ndipo mtoto abatizwe. Mume na mke waliokaa pamoja miaka 10, wala hakuna kizuizi, wanangoja gauni jeupe na pilau ya kijiji kizima. Wahenga walisema: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sheria ya Kanisa yawaagiza wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Tena yaagiza kwamba maskini wasinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Mbuzi hakutajwa popote.

Basi, baba na mama, kabla Januari haijaisha, kaeni pamoja na watoto mfanye mambo matatu. Kwanza, chagueni saa ya sala ya jioni, hata iwe fupi, kabla wadogo hawajasinzia. Pili, Jumapili iwekeni kando tangu sasa, ili kazi ya shamba na safari ya mnadani zipangwe katika siku nyingine. Tatu, kama ipo sakramenti mliyoiahirisha, au ugomvi na ndugu ambao haujapatanishwa, nendeni juma hili hili kwa katekista, au kwa huyo ndugu.

Kufanya hivyo hakutazuia mvua kuchelewa, wala bei ya mahindi kushuka. Lakini shida ikija, itaikuta nyumba yenye nguzo.

Nawatakieni heri na baraka za Mwaka Mpya.