Mbio za Kutangulizana Zisiachwe Zife

Mwaka 1887, kwenye nyasi za uwanja wa kriketi wa Melbourne, Australia, zilianza mbio za baiskeli zinazoitwa Austral Wheel Race. Hakuna mbio nyingine za baiskeli za uwanjani zilizo kongwe kuliko hizo na ambazo bado zinashindaniwa. Mtindo wake haumo kwenye Olimpiki. Ni mbio za kutangulizana: aliye dhaifu huwekwa mbele kwa mita alizokadiriwa, bingwa huanzia kwenye mstari wenyewe, na wote hutimka kwa mlio mmoja wa bastola. Atakayevuka wa kwanza ndiye mshindi, na hesabu imeishia hapo.

Mtindo huu unafifia mwaka hadi mwaka. Sisi tunasema wenye mamlaka juu ya baiskeli nchini humo wanao uwezo wa kuuokoa, na wana wajibu wa kufanya hivyo.

Tuchukue mfano wa mbio za mita 2,000. Bingwa akienda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, atamaliza kwa dakika 2. Aliyetangulizwa mita 200 anahitaji kilomita 54 tu kwa saa ili wafike pamoja. Fundi wa magari anayefanya mazoezi jioni baada ya kazi anaweza kuifikia kasi hiyo. Kwa hiyo anaingia uwanjani akijua kwamba siku yake ikifika atamshinda bingwa wa dunia, mbele ya watu, kwa haki. Ni michezo michache mno inayompa mtu wa kawaida nafasi ya namna hiyo.

Raha yake huanzia kwenye kujipanga. Waendeshaji wamesambaa ukingoni mwa njia, kila mmoja kwenye alama yake, miguu imeshafungwa kwenye pedali. Baiskeli hazina breki, na pedali hazisimami maadamu gurudumu linazunguka. Nyuma ya kila mmoja kuna msukumaji aliyeshika kiti. Bastola ikilia, wasukumaji wanakimbia hatua kadhaa, wanasukuma kwa nguvu zote, na wengine wanaanguka kifudifudi. Hapo ndipo akili inapoanza kufanya kazi. Mabingwa wa nyuma, ambao katika mbio nyingine ni mahasimu, wanalazimika kupokezana kukata upepo, maana hakuna anayeweza kuwafikia wa mbele peke yake. Wa mbele nao wanapokezana ili wasikamatwe. Mmoja akikataa zamu yake, kundi zima linazama. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikigongwa, makundi yanakutana, na uwanja mzima unasimama.

Ndiyo maana kushinda kutoka mstari wa nyuma kunakumbukwa kwa miaka. Sid Patterson, aliyekuwa bingwa wa dunia mara 4, alifanya hivyo kwenye Austral mwaka 1962 na tena 1964. Danny Clark, mzaliwa wa Tasmania aliyepata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, aliichukua Austral mara 3.

Mtindo huu una madoa yake pia. Palipo na kamari pana hila, na waendeshaji wakipatana wanaweza kumfungia njia yeyote. Ushindi wa Mmarekani Bill Martin kwenye Austral ya 1901 uliacha tuhuma nzito za rushwa zilizomzunguka mcheza kamari John Wren. Lakini dawa ya hila ni usimamizi mkali. Kuyafuta mashindano hakumponyi mtu.

Kilichoyadhoofisha, kwa maoni yetu, ni fedha kuelekezwa kwingine. Taasisi ya Michezo ya Australia ilianzishwa mwaka 1981 kutafuta medali, na mbio za kutangulizana hazina medali ya Olimpiki. Kijana mwenye kipaji akishachukuliwa na makocha wa taifa, ratiba yake hupangwa kwa ajili ya Olimpiki na ubingwa wa dunia. Viwanja vipya vya ndani ni vya mita 250: ukimtanguliza mtu mita 200, yuko mita 50 tu nyuma ya mgongo wa bingwa, na mtazamaji hajui nani anamfukuza nani. Hata barabarani, mbio za Melbourne hadi Warrnambool, zilizoanza mwaka 1895, ziliuacha mtindo huu baada ya 1995.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Kila kitu hapa kinamtegemea mtu anayegawa mita. Huyo lazima awe amewaona waendeshaji msimu mzima, katika viwanja vidogo vya miji midogo, ajue nani amenolewa na nani anajikokota makusudi ili atangulizwe zaidi siku yenye fedha. Viwanja hivyo vikifungwa, anagawa kwa kubahatisha. Akikosea, mbio zinakuwa za upande mmoja, waendeshaji wanakata tamaa, na mwaka unaofuata hawaji.

Tasmania bado inashikilia. Tarehe 26 Desemba huko Latrobe, na siku ya Mwaka Mpya huko Burnie, familia hukusanyika kutazama wakata magogo, wakimbiaji na baiskeli katika uwanja mmoja, na mbio kuu za baiskeli ni za kutangulizana. Ushahidi wa kwamba watu bado wanazitaka uko hapo.

Basi chama cha taifa cha baiskeli kiziingize mbio hizi kwenye kalenda yake rasmi, na kiwaruhusu vijana wa timu ya taifa kushindana Tasmania kila Desemba. Kiwalipe wagawaji wa mita na kuwafundisha wapya wakati wazee wa kazi hiyo wangali hai. Halmashauri zenye viwanja vya nje zisivibomoe kupanua maegesho kabla ya kuwauliza wanaovitumia.