Ohm si wa mtihani, ni wa keja yako

Wasee, kuna swali moja limenichosha: "Hii fizikia nitaitumia wapi maishani?" Utaitumia leo usiku. Utaitumia kwa ile ekstensheni iko chini ya kitanda chako, imebeba birika la stima, pasi, tivii, chaja tatu na subwufa. Na usipopiga hiyo hesabu wewe, ekstensheni itaipiga yenyewe, na hiyo haisahihishi kwa kalamu nyekundu.

Hesabu ni kuzidisha na kugawanya tu. Volti ni msukumo wa stima. Ampea ni kiasi cha mkondo unaopita. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu, yaani ukinzani: vile kifaa kinazuia mkondo usipite. Georg Ohm, mwalimu Mjerumani, alichapisha kanuni ya huo ukinzani mwaka 1827. Karibu miaka 200 imepita na sisi bado tunanunua ekstensheni kwa kuhesabu mashimo!

Hebu tuipige na vitu vya nyumba. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Pindua birika lako usome kibandiko. Tuseme ni wati 2000. Gawanya kwa 240, unapata ampea 8.3. Ukinzani wake ni 240 gawanya kwa 8.3, karibu omu 29. Pasi ya wati 1200 inavuta ampea 5. Sasa ni saa kumi na mbili asubuhi, umechelewa, umewasha zote mbili kwa ekstensheni moja. Hiyo ni ampea 13.3, jumla wati 3200.

Geuza ekstensheni pia. Kama imeandikwa ampea 10, uwezo wake ni 10 mara 240, yaani wati 2400. Umeizidishia mzigo wa wati 800. Na kama kibandiko kinasema ampea 10 na hapo hapo kinasema wati 3500, mojawapo ya hizo namba ni uongo. Huhitaji digrii kujua hivyo, unahitaji simu iko na kikokotoo.

"Lakini plagi iko na fyuzi." Fyuzi ya ngapi? Mara nyingi ni ya ampea 13. Ampea 13.3 hazitaikata, kwa sababu fyuzi hubeba mzigo uliozidi namba yake kidogo kwa muda mrefu bila kuungua. Kwa hivyo fyuzi imetulia, na waya wa ampea 10 ndio unaiva.

Na hapa ndipo moto huanzia: mahali palipolegea ndani ya soketi. Tuseme hapo pana ukinzani mdogo sana, omu 0.2. Joto la hapo ni ampea mara ampea mara omu. Ukichaji simu na kuwasha tivii, labda mkondo ni nusu ampea, joto ni wati 0.05. Huwezi hata kulihisi. Kwa ampea 13.3, joto ni wati 35. Kile chuma fundi wa redio hutumia kuyeyusha risasi huwa cha wati 30 hivi. Umeweka chuma kama hicho ndani ya plastiki, halafu ukafunika na duveti. Usiseme ni bahati mbaya.

Lakini lawama si zako peke yako. Shuleni tulikariri ile pembetatu ya V, I na R hadi tukaiota, na hakuna siku tuliambiwa tubebe kibandiko cha pasi tukifanyie hesabu. Landlodi anabandika karatasi kwa geti, "Koili ni marufuku", halafu anakupa chumba chenye soketi moja. Hiyo soketi moja ndiyo imezaa ekstensheni. Kama anajua koili ni hatari, basi anajua hesabu, na kama anajua hesabu, aweke soketi mbili zaidi na waya unaotosha. Kukataza bila kueleza sababu kunatufundisha tu kuficha koili keateka akipita.

Kuna mtu atasema friji na feni hazifuati hii hesabu sawasawa. Ni kweli, vitu vya mota vina mambo yao. Lakini kinachochoma keja mara nyingi ni vitu vya joto: birika, pasi, koili, hita. Na hivyo vinafuata hesabu hii bila kubishana.

Kwa hivyo leo, kabla ulale, soma vibandiko vyote. Jumlisha wati, gawanya kwa 240. Ikizidi namba ya ekstensheni, kitu kimoja kitoke, na birika liende kwa soketi ya ukuta. Plagi ikiwa moto ukiishika, chomoa na uite fundi wa stima. Halafu mwonyeshe rumeti wako hiyo hesabu, maana ukuta wa mabati kati yenu hauzuii moto, na mkilala hapo kumi, kibandiko kimoja kisichosomwa kinawahusu wote kumi.