Sekondari Mezani kwa Mama: Tufuate Masomo ya Nani?

Korosho zikishapigwa mnada na fedha kufika mkononi, nyumba nyingi za kwetu Mtwara huanza kupiga hesabu za shule: sare, godoro, ndoo, nauli. Mwezi huu tumeona tumzungumzie mtoto ambaye hesabu hizo humpita pembeni, yule aliyemaliza darasa la saba lakini hawezi kwenda sekondari kila siku kama wenzake, na sasa anasomea nyumbani.

Hatusemi mama amtoe mtoto shuleni. Shule za serikali zimefuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na mwenye afya na njia ya kufika na aende. Hata binti aliyejifungua, tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu kurudi katika shule ya kawaida, kwa hiyo tusimfiche jikoni kwa sababu ya aibu yetu wenyewe. Lakini wapo ambao shule ya kila siku imewashinda kweli. Mama mmoja wa upande wa Mikindani ametuuliza juu ya binti yake mwenye sikoseli. Maumivu yakimkamata hulazwa, akitoka darasa limeshasonga mbele, na amekwisha kupoteza mihula miwili. Binti anataka kuwa muuguzi, maana wauguzi ndio watu aliowaona zaidi maishani mwake.

Nyumba hiyo ni ya Kipentekoste, na baba ni mzee wa kanisa. Mama ana njia mbili mbele yake. Masista wa Kikatoliki wana kituo mjini kinachofundisha watahiniwa wa kujitegemea jioni. Na shemeji aliye Marekani ameahidi kutuma sanduku la masomo ya nyumbani, yenye vitabu na majibu yake. Baba hataki kusikia habari za masista. Mama anauliza: achague lipi bila kuvunja amani ya nyumba?

Tuanze na sanduku, maana linavutia. Wamarekani wana masomo ya nyumbani ya kila namna, nayo yana madhehebu. Seton, iliyoanzishwa Virginia mwaka 1980, ni ya Kikatoliki, na dini yao utaikuta hata ndani ya kitabu cha Kiingereza. ACE, iliyoanza Texas mwaka 1970, ni ya Kiprotestanti, na mtoto husoma vijitabu peke yake kwa mwendo wake huku mistari ya Biblia ikimfuata hadi kwenye Hisabati. Kwa hiyo baba asidhani kwamba kila kinachotoka ng'ambo kwa jina la Kikristo ni cha kanisa lake. Sanduku lifunguliwe na kusomwa kwanza.

Lakini hata likiwa la kanisa lake, swali kubwa liko palepale: mtihani atautunga nani? Binti huyu ataomba chuo Tanzania, na cheti atakachoulizwa ni cha Baraza la Mitihani, NECTA. Cheti cha nje hupelekwa Baraza kulinganishwa, na hiyo ni safari nyingine na gharama nyingine. Tena historia ya sanduku ni ya Marekani. Mtahini wa kwetu hatauliza habari za George Washington, atauliza Majimaji.

Njia ya hapa nchini ni hii. Asiyesoma sekondari shuleni hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT. Akifaulu, anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa kawaida mwaka mmoja hutumika kwa masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka wa pili kwa yale ya cha tatu na cha nne. Kwa mtoto anayelazwa mara kwa mara, miaka hiyo miwili ikiwa mitatu hakuna atakayemcheka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imekuwa ikiwasaidia watu wa namna hii kwa miaka mingi, na ofisi yake ya mkoa ni mahali pa kuulizia kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Vitabu visitutie hofu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada kwenye maktaba mtandao, vinasomeka bure kwa mwenye simu nzuri na bando. Angalizo moja: mtaala mpya umeanza kuingia sekondari hatua kwa hatua, kwa hiyo vitabu alivyoacha kaka mtu huenda si vya mtihani atakaoufanya mdogo wake. Ulizeni kituoni ni muhtasari upi utakaotahiniwa mwaka wenu, ndipo mnunue.

Sasa tufike kwa masista. Kemia, akina mama, haisomeki jikoni. Vyuo vya uuguzi hutaka ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia, na masomo hayo yanahitaji mwalimu na maabara. Kituo hicho kina vyote viwili. Baba akikikataa, anachokikataa hasa ni sare nyeupe ya binti yake, na ni haki aambiwe hivyo wazi, kwa upole, wakati ameshiba.

Hofu yake hatuidharau. Mzazi ameapa mbele ya Mungu kumlea mtoto katika imani. Ila hofu iwe na anwani. Hakuna Hisabati ya Kikatoliki. Baba na mama waende pamoja kituoni waulize: Je, wanafunzi wa jioni wanalazimika kuhudhuria misa? Miezi ya Mei na Oktoba, rozari inasaliwa ndani ya saa za masomo au baada yake, na asiyeisali anakaa wapi? Kipindi cha dini ni katekisimu au ni somo la Maarifa ya Biblia linalotahiniwa na Baraza? Mama Msabato aongeze lake: Jumamosi kuna vipindi? Masista wamezoea maswali haya. Katika mkoa wenye Waislamu wengi kama wetu, hawafundishi Wakatoliki peke yao.

Tofauti nazo zitajwe nyumbani mapema, mtoto asizikute njiani. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu kama Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, ambavyo Wapentekoste hawavihesabu katika Agano la Kale. Amri Kumi ni zilezile, lakini Wakatoliki huzihesabu kwa namna nyingine, hivyo amri ya sita ya sista siyo amri ya sita ya baba. (Walutheri huhesabu kama Wakatoliki, jambo linalowashangaza Walutheri wengi.) Na dada zetu Waanglikana wa Masasi, ambako wamisionari wa UMCA walifika mwaka 1876, watatabasamu wakisoma haya, maana kwao misa, padri na ubani ni mambo ya nyumbani.

Juu ya Maarifa ya Biblia, tunalipenda somo hilo na tungefurahi kila mtoto alisome. Lakini vyuo vingi vikitaka masomo manne yaliyofauluzwa, huandika wazi kwamba ya dini hayahesabiwi. Binti mwenye nguvu chache asibebeshwe somo la nyongeza kwa ajili ya kumridhisha baba. Biblia aisome naye jioni, wakisikilizana, bila alama wala daraja.

Basi ushauri wetu kwa mama wa Mikindani: muhtasari uwe wa Tanzania, sayansi kwa masista, Kiswahili, Historia na Jiografia mezani kwako, dini kwa baba. Sanduku la shemeji, likija, vitabu vyake vya Kiingereza vitafaa kwa kujizoeza kusoma. Mwambie mwalimu wa kituo siku za kliniki za binti, na umwombe akutumie kazi anapolazwa. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka na mtihani huja Novemba, kwa hiyo fedha ya korosho isiishe yote kwenye mabati. Na siku ya kujiandikisha baba aende mwenyewe, aione maabara kwa macho yake.