Barua ya Wazi kwa Mhifadhi Mkuu wa Misitu: Msitu wa Ngong Road Unahitaji Aina, Si Idadi Tu

Mheshimiwa Mhifadhi Mkuu,
Huduma ya Misitu Kenya (KFS), Karura.

Nakuandikia kuhusu lantana, kichaka vamizi, katika Msitu wa Ngong Road jijini Nairobi. Pale mihugu na mikinduri inapoota pamoja, na vichaka vya kiasili vimejaa chini yake, lantana ni ya kutafuta. Sogea hadi palipokatwa miti, au kandokando ya barabara ya Southern Bypass iliyoupasua msitu huo, utaikuta imekufika kifuani: maua ya manjano na waridi, miiba inayong'ang'ania nguo, vitunda vyeusi ambavyo ndege hula na kusambaza mbegu zake. Ukiifyeka, inachipuka tena kutoka shinani. Majani yake yana kemikali zinazozuia mbegu za mimea mingine kuota.

Penye aina nyingi za mimea, mizizi mirefu na mifupi hugawana maji, matawi ya juu na ya chini hugawana mwanga, na mmea mgeni hapati masalio. Charles Elton wa Uingereza aliliandika wazo hilo mwaka 1958. Baadaye majaribio ya David Tilman kule Minnesota, Marekani, yalionyesha kuwa vipande vya nyasi vyenye aina nyingi vilivamiwa kidogo kuliko vyenye aina chache. Ni kweli, msitu ukishapasuliwa jua likaingia, wingi wa aina peke yake hautoshi. Ndiyo maana sharti pengo lizibwe mapema, tena kwa mchanganyiko.

Hapo ndipo tunapokosea. Lengo la serikali la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 limetuzoesha kuhesabu miche bila kuuliza ni ya aina gani. Safu za mti wa aina moja huacha udongo wazi chini yake, na lantana haihitaji zaidi ya hapo. Nairobi ina historia ya kutanguliza kasi ya ukuaji: bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa 1907 kujaribia miti ya kigeni inayokua haraka, ili reli ipate kuni.

Naomba ripoti za upanzi katika misitu ya jiji zitaje aina zilizopandwa, vikiwemo vichaka. Lantana ing'olewe na mizizi yake, miche mchanganyiko ya kiasili iingie msimu uo huo wa mvua, na palizi itengewe fedha kwa miaka kadhaa, kwa kuwa mbegu zilizobaki ardhini zitaota tu. Msitu wa Karura, mlikoshirikiana na kikundi cha Friends of Karura kuondoa lantana na mikaratusi na kurudisha miti ya kiasili, ni ushahidi kuwa mnaiweza kazi hii.

Tafadhali anzeni na kingo za Southern Bypass, kabla ya mvua za Machi.

Mkazi wa Dagoretti