Avon hakuharibika siku moja
Na Hatibu Mwinyi

Mashabiki wa tamthilia ya Blake's 7, ukiwauliza Kerr Avon alirukwa na akili lini, wengi watakutajia usiku wa Desemba 21, 1981, BBC ilipomwonyesha akimpiga risasi Blake, kiongozi wa waasi wenzake. Blake huyo huyo ndiye aliyewahi kumwambia kuwa amemwamini tangu mwanzo. Mimi nasema maradhi yalianza zamani.

Paul Darrow alimwigiza Avon, mtaalamu wa kompyuta aliyekamatwa kwa kujaribu kuziibia benki za Shirikisho, dola ambayo waasi hao waliipinga. Ulimi wake wembe. Blake akihubiri ukombozi, yeye anapiga hesabu: nani atakufa, nani atafaidi. Tulimpenda kwa jeuri ile. Lakini alikuwa na pahala pamoja palipo laini: Anna Grant, mpenzi ambaye Avon aliamini kuwa aliuawa kwa mateso.

Katika sehemu ya “Rumours of Death”, msimu wa tatu, Avon anamsaka muuaji wa mpenzi wake na kugundua kwamba Anna yu hai, tena ndiye jasusi aliyepewa kazi ya kumpeleleza. Anna anatoa bunduki, Avon anamuwahi. Hapo ndipo alipovunjika, kwani shaka yake kwa binadamu sasa ilikuwa na ushahidi.

Msimu ule ule haujaisha, anaipeleka Liberator, meli yao ya angani, katikati ya wingu la chembechembe akimfuata Blake, bila kuwaambia wenzake lolote. Meli inaliwa hadi kuangamia, na Blake mwenyewe ni mtego wa adui yao Servalan.

Halafu sehemu ya “Orbit”, na hapa nawaomba mtulie. Chombo kinapaswa kupunguza kilo 70, la sivyo kitaanguka. Kompyuta Orac inamkumbusha Avon kwamba mwenzake Vila, aliyemo humo, ana kilo 73. Anachukua bunduki na kumwita kwa sauti tamu, kama mama anayemwita mtoto aje kula. Vila kajibanza, anatetemeka. Anapona tu kwa sababu Avon anagundua kitu kingine kizito cha kutupa nje. La kutisha ni kwamba hesabu ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo katika sehemu ile ya mwisho, kwenye sayari ya Gauda Prime, mwenzao Tarrant anapodai Blake amewauza, Avon hana tena kipimo cha kumtambua mtu mwaminifu. Anafyatua mara tatu. Askari wanamzingira, anatabasamu, kioo kinakuwa cheusi, risasi zinasikika. Waandishi wengi wa leo wangemtafutia toba. Chris Boucher, aliyeandika sehemu hiyo, hakumpa.

Ukitaka kuitazama, usianzie mwisho. Anza na “Rumours of Death”, kisha uniambie kama bado unaona mwisho ule ulikuja ghafla.