Taa Imsikilizie Babu

Askari aliyekaa miaka mingi karibu na mizinga aghalabu hustaafu na masikio mazito. Mlio wa bunduki huharibu vinyweleo vidogo vilivyomo ndani ya sikio, navyo vikishakufa haviwi hai tena. Mtu wa namna hiyo huweza kumsikia amketiye karibu naye, lakini mjukuu akilia chumba cha pili hana habari. Mama arudipo kutoka sokoni humkuta mtoto amevimba macho, na mzee hulaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Nyumba kama hiyo yaweza kusaidiwa na kibao kidogo cha kompyuta kiitwacho micro:bit, kisichozidi kiganja cha mtoto. Kilibuniwa Uingereza, ambako mwaka 2016 shirika la utangazaji la BBC na washirika wake waliwagawia bure wanafunzi wapatao milioni moja. Usoni kina taa nyekundu 25, safu tano za taa tano tano, na betri mbili ndogo zatosha kukiendesha. Chapa ya kwanza haina maikrofoni. Iliyotoka mwaka 2020 inayo. Mnunuzi asipoangalia jambo hilo atarudi nyumbani na kibao kiziwi kama babu mwenyewe.

Kazi hii yahitaji vibao viwili. Kimoja huwekwa chumbani kwa mtoto, kisikilize. Cha pili huwekwa mbele ya mzee, kiwake. Huzungumza kwa mawimbi ya redio, bila waya, mradi vyote vipewe namba moja ya kundi. (Jirani mwenye vibao vyenye namba hiyo hiyo ataletewa kilio kisicho cha kwake.) Cha mzee chaweza kuwa cha chapa ya kwanza, kwa kuwa hakihitaji kusikia.

Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuandika programu yake kwa MakeCode, itolewayo bure, ambayo hupanga maagizo kwenye kompyuta kama vipande vya matofali, kisha huyapeleka kwenye kibao kwa waya wa USB. Cha chumbani huagizwa: daima pima ukubwa wa sauti; ukipita 150, peleka habari. Cha mzee huagizwa: habari ikifika, washa taa zote, ngoja sekunde 10, zima.

Ugumu wote umo katika ile 150. Kibao hakijui kilio ni nini. Hujua ukubwa wa sauti tu, na huupa namba kuanzia 0 hadi 255. Mvua juu ya mabati, redio ya jirani katika kota zenye ukuta mmoja, tarumbeta ya alfajiri, vyote kwake ni mtoto. Kima kikiwa chini mno, taa huwaka kutwa, na siku ya tatu babu huacha kuitazama. Taa hiyo ni mbaya kuliko kukosa taa, maana mama ametoka akiitumainia. Kikiwa juu mno, mtoto hulia hadi akachoka.

Kwa hiyo kima hakinakiliwi kutoka nyumba nyingine. Kwanza kibao kiagizwe kuonyesha namba tu, kisha kiachwe chumbani: kukiwa kimya, redio ikiwa imewashwa, mvua ikinyesha, mtoto akilia. Namba hizo ziandikwe, na kima kiwekwe kati ya kelele za kawaida na kilio. Kadiri kibao kinavyokuwa karibu na kitanda, ndivyo pengo hilo linavyokuwa pana. Yafaa pia kiagizwe kupima mara 10 katika sekunde 10, na kupeleka habari pale tu mara 6 zinapopita kima; mlango ukibamizwa mara moja hautamsumbua mzee. Mvua kubwa haina dawa. Ikinyesha, mzee ahamie chumbani kwa mtoto.

Taa hizi ni ndogo, hazimwamshi aliyelala. Wapo watakaotamani kuunganisha balbu ya ukutani. Wasithubutu, kwani kibao hiki ni cha volti 3, na umeme wa nyumba huua.

Kila mara kabla mama hajatoka, mtu apige makofi karibu na kitanda kwa sekunde 20 mfululizo. Taa ya sebuleni isipowaka, betri za vibao vyote viwili zibadilishwe, makofi yapigwe tena, ndipo kikapu kichukuliwe.