Sigara Haina Nafasi Hospitalini

Mgonjwa anayeteremshwa kutoka Ngarenanyuki au Oldonyo Sambu hadi hospitali ya mjini Arusha hakufuata anasa, amefuata uhai. Wengi wa akina mama wa milimani wamekaa miaka mingi jikoni katika moshi wa kuni, na vifua vyao vimekwisha kuchoka. Kuwapokea kwa moshi mwingine, wa sigara, kwenye baraza la wodi ni dhihaka isiyovumilika.

Bunge lilikwisha kusema. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 iliuwekea mipaka uvutaji mahali pa umma, na mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Lakini sheria hiyo iliacha mwanya: iliruhusu kutengwa sehemu za wavutaji. Miongozo ya mkataba, iliyopitishwa mwaka huo huo wa 2007, ilitamka bayana kwamba hakuna kiwango cha moshi kisicho na madhara, na kwamba chumba cha pembeni au feni haimkingi asiyevuta. Moshi hautambui mstari wa chaki.

Na anayeumia zaidi ni nani? Mgonjwa hulazwa siku chache akaruhusiwa. Muuguzi na mfagiaji humaliza umri wao wa kazi humo humo. Hawakuajiriwa ili wavute sumu ya mwingine, wala hawana uwezo wa kuikimbia zamu.

Zipo sauti zinazodai kwamba marufuku kamili ni uonevu kwa mtumishi anayevuta. Madai hayo hayana msingi. Mwaka 2002 tafiti 26 za Marekani, Australia, Kanada na Ujerumani zilipambanuliwa kwa pamoja. Ilidhihirika kuwa penye marufuku kamili kazini, baadhi ya wavutaji waliacha, na walioendelea walipunguza sigara zipatazo 3 kwa siku. Marufuku, basi, humwokoa hata mvutaji. Wengine hujificha nyuma ya mkulima wa Urambo. Huo ni ulaghai: sehemu kubwa ya tumbaku yake huuzwa ng'ambo, wala riziki yake haitegemei kipisi kinachozimwa mlangoni mwa kliniki.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Kwa hiyo hapana budi amri iandamane na msaada. Mtumishi aliyenaswa na nikotini apewe ushauri na muda wa kujinasua, si fedheha tupu. Mgonjwa naye aelezwe waziwazi kwamba uvutaji huongeza takriban maradufu hatari ya kuugua kifua kikuu, na kwamba kidonda cha mvutaji aliyepasuliwa huchelewa kupona.

Mpaka wa sigara uwe geti la hospitali, si mlango wa wodi. Kiongozi wa hospitali anayeona moshi akageuza uso hamhurumii mvutaji. Anamsaliti mgonjwa aliyekabidhiwa mikononi mwake.